Habari za Maktaba na Desturi ya Kuazimana Vitabu

Kuazimana ni desturi ya tangu kale katika nchi yetu. Mwanamke akipungukiwa na kinu, au mbuzi ya kukunia nazi, humtuma mtoto kwa jirani. Mvuvi huazima dema la mwenziwe. Na mwenye harusi huazima mikeka na masufuria mtaa mzima. Walakini kipo kitu kimoja ambacho watu wengi huona uzito kukiazimisha, nacho ni kitabu. Sababu yake si ngumu kuijua. Kinu kikirudi kina ufa, mwenyewe huuona ufa ule papo hapo. Bali kitabu kikirudi kimepungua karatasi, huenda asijue mpaka mwaka upite. Na mara nyingine hakirudi kabisa, kama wazee walivyosema, Kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi ikiwa mtu na jirani yake huona uzito, imekuwaje nyumba kubwa za vitabu, zilizo mbali mbali, na pengine katika nchi mbili zenye serikali mbili, zikakubali kuazimana? Habari hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa, kwa kuwa ina mafunzo kwetu sisi tukaao vijijini, ambao hatuwezi kununua kila kitabu tunachokihitaji.

Jambo hili si geni kwa Wakristo. Mtume Paulo alipowaandikia Wakolosai aliwaagiza kwamba wakiisha kuusoma waraka wake, usomwe na katika kanisa la Laodikia, na wao Wakolosai wausome ule utokao Laodikia (Kol. 4. 16). Kila kanisa lilikuwa na waraka mmoja, na kwa kupelekeana kila moja likasoma miwili. Tena tazama mwisho wake. Waraka kwa Wakolosai ulinakiliwa ukaenea, tunao hata leo. Bali ule wa Laodikia hatunao kwa jina hilo. Wataalamu wengine hudhani ya kuwa ndio huu tuuitao Waefeso, na wengine hudhani ya kuwa umepotea. Maandiko yaliyokaa mahali pamoja tu, bila nakala, huwa katika hatari ya moto na maji na mchwa. Yaliyopita mikononi mwa watu wengi yana kwao kwingi.

Baada ya zamani za Mitume, vitabu katika Ulaya viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na kitabu kimoja kilikuwa kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo watawa waliviogopea sana vitabu vyao. Vingine vilifungwa kwa minyororo, na nyumba nyingine ziliweka kiapo kwamba hakuna kitabu kitakachoazimishwa nje. Karibu na mwaka 1212 baraza la Kanisa lililokutana Paris lilikataza viapo vile, likisema kwamba kuazimisha ni mojawapo ya matendo makuu ya huruma. Wakaamuru vitabu vigawanywe: vingine vikae nyumbani kwa matumizi ya ndugu, na vingine wapewe wenye haja kwa kuazima. Maktaba za leo hufuata mgawanyo uo huo.

Hata vitabu vilipoanza kupigwa chapa vikawa vingi, haja ya kuazimana haikuisha. Iliongezeka, maana hapana nyumba iliyoweza kununua vyote. Mwaka 1876 huko Marekani, Samuel Green, mtunza maktaba wa mji wa Worcester, aliandika barua katika gazeti la watunza maktaba, akashauri kwamba maktaba ziazimane zenyewe kwa zenyewe, ili msomaji wa mji mdogo apate kitabu kilichoko mji mkubwa. Huko Uingereza mwaka 1916 iliwekwa London maktaba ya kuwasaidia wanafunzi waliokuwa watu wa kazi, wasioweza kuingia vyuo vikuu, nayo baadaye ikawa kituo cha kuazimana kwa nchi nzima. Na mwaka 1936 shirikisho la maktaba za mataifa lilitoa kanuni za kuazimana kati ya nchi na nchi.

Kanuni hizo, ingawa zimebadilika mara kwa mara, shina lake ni moja. Msomaji hamwandikii mwenye kitabu. Humwendea mtunza maktaba wa kwao. Huyo hutafuta katika orodha, akijua kitabu kiko wapi huandika kukiomba kwa jina la maktaba yake, wala si kwa jina la msomaji. Maktaba yenye kitabu huamua: ama hukituma, ama hutoa nakala ya kurasa zinazotakiwa, ama hukataa kwa sababu kitabu ni cha thamani mno au kimechakaa. Kikitumwa, maktaba iliyoomba ndiyo yenye dhamana tangu kilipotumwa hata kitakaporejea. Kikipotea, hulipa yeye aliyeomba. Basi huo ndio ujanja wa kazi yenyewe. Mtu asiyejulikana Pemba hawezi kuaminiwa na nyumba ya vitabu ya Kampala. Bali maktaba ya Pemba yaweza kuaminiwa, na maktaba ile humjua mtu wake. Uaminifu hupita kwa hatua, kama ndoo ya maji ipitavyo mikononi mwa watu wazimao moto.

Sasa tuje kwetu. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya kuazimana vitabu kabla ya wamisionari kufika. Wanazuoni wa Kiislamu walisafiri kwa majahazi kati ya Hadhramaut, Lamu, Ngazija na Unguja, wakachukua vitabu vyao, na wanafunzi wao wakavinakili kwa mkono. Vitabu vingine viliwekwa wakfu, maana yake mwenyewe alivitoa kwa ajili ya Mungu visiuzwe wala kurithiwa, ila visomwe na wanafunzi. Naye Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alileta mitambo ya kupigia chapa, na vitabu vya dini vilivyotoka hapa vikaenda mpaka Omani na Afrika ya Kaskazini, kwa wafuasi wa madhehebu ya Ibadhi.

Wamisionari wa Vyuo Vikuu walifika Unguja mwaka 1864, Askofu Tozer pamoja na Edward Steere, ambaye baadaye naye akawa Askofu. Steere alianza mapema kupiga chapa kwa Kiswahili, na watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakafundishwa kazi hiyo. Pale Kiungani, kusini ya mji, kilikuwako chuo cha wavulana. Na Mbweni, jirani zetu sisi wa Kiembe Samaki, shamba lilinunuliwa mwaka 1871 kwa makao ya watu waliokombolewa, ikawapo na shule ya wasichana. Mwaka 1888 Kiungani kulianza kutoka gazeti lililoitwa Msimulizi, lenye habari zilizoandikwa na walimu Waafrika kutoka Magila, na Masasi, na Newala, na Nyasa. Mwalimu mmoja alipoazima gazeti lile kwa mwenziwe, alisoma mambo ya ndugu walio mbali kwa mwendo wa majuma mengi.

Maktaba za watu wote zilichelewa. Mombasa iliwekwa ya Seif bin Salim mwaka 1903. Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 ile ya McMillan, jengo zuri la mawe, lakini kwa miaka mingi haikuwafungulia Waafrika mlango wake. Tena fedha za Carnegie, tajiri wa Marekani, ziliwezesha vitabu kutiwa katika masanduku na kupelekewa Wazungu waliokaa mashambani. Njia ile ya masanduku ilikuwa njema. Kosa lake ni kwamba iliwapita watu wenye nchi.

Lakini kabla ya kitabu kuweza kutoka nchi moja na kusomwa nchi nyingine, lilihitajika jambo lingine, nalo ni lugha moja. Mwanzo kila misioni iliandika Kiswahili cha mahali pake: huku Kiunguja, kule Kimvita, na tahajia zilitofautiana. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha kwa nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Wako waliolalamika, hasa watu wa Mombasa na Lamu, waliokuwa na mashairi ya kale na fahari ya lugha yao, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Walakini faida moja haikanushiki: sanduku la vitabu lililofungwa Nairobi liliweza kufunguliwa Tabora au Makunduchi, na watu wakasoma.

Baada ya vita kuu ya pili, Elspeth Huxley aliombwa achunguze haja ya vitabu kwa Waafrika, akatoa taarifa yake mwaka 1946. Katika mwaka 1948 likawekwa Shirika la Maandishi la Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, na mkuu wake wa kwanza akawa Charles Richards, aliyekuwa mtu wa duka la vitabu la misioni ya C.M.S. Shirika hili lilichapa vitabu, tena lilifanya kazi ya maktaba kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa masanduku: sanduku la vitabu lilipelekwa penye shule au ukumbi wa watu, likakaa muda, kisha likabadilishwa kwa jingine. Ya pili ilikuwa posta: msomaji aliyekaa mbali na mji aliletewa kitabu kwa posta, akakirejesha kwa posta. Mwalimu aliye peke yake porini aliweza kuendelea kusoma, naye akawafundisha watoto mambo mapya.

Uhuru ulipokuja, kila nchi ilitaka huduma yake. Tanganyika ilitunga sheria ya maktaba mwaka 1963, Uganda 1964, na Kenya 1965. Nazo kazi za masanduku na posta zikahamia kwa nchi zenyewe. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam, nayo ikawa mama wa maktaba za mikoa. Unguja na Pemba, kwa kuwa mambo ya maktaba si mambo ya Muungano, zina huduma yake zenyewe.

Wakati ule ule kuazimana kulionekana wazi katika vyuo vikuu. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Matawi hayo hayakufundisha mambo yale yale yote: uganga ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Kwa hiyo na vitabu vyake vilikuwa hivyo. Mwenye kutaka kitabu cha sheria aliye Kampala alijua kwamba ghala yake iko Dar es Salaam. Na mwenye kutaka habari za maradhi aliye Dar es Salaam aliitazama Makerere. Ikatungwa na orodha moja ya magazeti ya elimu yaliyomo katika maktaba za Afrika ya Mashariki, ili mtu ajue lipi liko wapi. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba mali ya majirani wengi bila daftari moja ni kama haipo, kwa maana hapana ajuaye pa kuiomba.

Chuo kile kikuu kiligawanyika mwaka 1970 kikawa vyuo vitatu. Hasara ya baadaye ikawa kubwa zaidi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, kwa ugomvi wa fedha na wa siasa. Reli iligawanywa, ndege ziligawanywa, na posta, iliyokuwa moja, ikawa tatu. Shirika la Maandishi nalo likaisha. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, wala haukufunguliwa hata mwaka 1983. Watu hukumbuka ndege na mabehewa ya reli waliyogombania. Wachache hukumbuka vitabu. Lakini kwa mwalimu na mwanafunzi, mlango uliofungwa ulikuwa na wa vitabu pia. Na mlango wa namna hiyo hauna kelele, kwa kuwa mtu asiyepata kitabu hajui alichokikosa.

Jumuiya ilizaliwa upya kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Siku hizi maktaba za vyuo vikuu katika Tanzania, Kenya na Uganda zina vyama vyake, ambavyo hushirikiana kulipia magazeti ya elimu yasomwayo kwa kompyuta, maana chuo kimoja peke yake kingelemewa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na katika namna hii mpya, kitabu hakiondoki mahali pake. Husomwa na watu mia kwa saa moja.

Hapo nataka niseme neno litupasalo sisi wa upande huu wa kisiwa. Mwaka 1887 kilichapwa London kitabu kiitwacho Kiungani, kilichofasiriwa na A. C. Madan. Ndani yake mna habari za maisha zilizoandikwa na wavulana wa shule za Misioni: jinsi walivyokamatwa kwao bara, walivyotembezwa mpaka pwani, walivyouzwa, na walivyookolewa. Walikuwa watoto waliotembea njia hizi tunazotembea sisi. Lakini maneno yao yalisafiri kwa Kiingereza, yakakaa katika maktaba za Ulaya. Na karatasi nyingi za Misioni, barua na madaftari, ziko Oxford. Basi mtu wa Kiembe Samaki atakaye kujua habari za Kiungani na Mbweni, ambazo aweza kuzifikia kwa miguu, hulazimika kuziomba ng'ambo ya bahari. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Karatasi zile zimetunzwa, na huenda kwetu zingaliliwa na mchwa. Lakini ni haki yetu kuomba, na njia ya kuomba ni hii hii ya maktaba kuazimana nakala.

Wala sisi si waombaji tu. Nyumba ya Nyaraka ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1956, iliyoko Kilimani, ina maandiko ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa mkono, ambayo mwaka 2003 yalitiwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Vitu kama hivyo haviazimishwi, kama baraza lile la Paris lilivyosema juu ya vitabu vya kukaa nyumbani. Lakini nakala yake yaweza kwenda. Ndivyo yalivyofanyiwa maandiko ya Msikiti wa Riyadha huko Lamu: baada ya mwaka 2010 yalipigwa picha, na sasa aliye mbali huyasoma, nayo maandiko yenyewe hayakutoka Lamu.

Labda msomaji atasema, haya ni mambo ya vyuo vikuu na serikali, mimi mtu wa kijiji yananihusu nini? Yanamhusu sana. Tumeona ya kwamba kuazimana kwa vitabu husimama juu ya vitu vitatu: orodha, njia, na uaminifu. Orodha ya pamoja ilipotungwa, watu walijua pa kuomba. Njia ilipofungwa mwaka 1977, orodha peke yake haikufaa. Na uaminifu ukikosekana, orodha na njia huwa bure, maana hapana atakayetoa kitabu mara ya pili kwa nyumba isiyorejesha cha kwanza.

Vitu hivi vitatu vyaweza kuanza penye kabati moja la parokia. Ukiwa na vitabu thelathini katika chumba cha shule, tia kila kimoja namba, kiandike katika daftari, na daftari hilo linakili mara mbili. Nakala ya pili wape jirani zenu wenye kabati jingine, nanyi mchukue yao. Hapo vitabu thelathini vimekuwa sitini, wala hapana aliyetoa senti. Njia mnayo, kwa kuwa hapana Jumapili au siku ya soko ambayo mtu haendi huko. Mwekeni mtu mmoja kila upande mwenye dhamana, ili madai yawe kati ya kabati na kabati, yasiwe kati ya mtu na mtu, kwa maana kitabu kimoja kilichopotea kimevunja urafiki wa watu wengi. Viko vitabu vya kukaa ndani, kama daftari za ubatizo na ndoa. Hivyo visitoke kamwe, bali anayehitaji asomee pale pale.

Na watoto wafundishwe mapema. Mtoto aliyezoea kufunika kitabu kwa karatasi, kunawa mikono kabla ya kukifungua, na kukirejesha siku iliyoandikwa, amejifunza jambo kubwa kuliko usafi. Amejifunza kwamba yuko mtu wa pili anayekingoja, asiyemwona wala kumjua jina. Mtume Paulo mwenyewe, alipokuwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho lake alilomwachia Karpo huko Troa, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Tim. 4. 13). Mzee yule alikuwa karibu na kufa, na baridi ilikuwa karibu, lakini alikumbuka kuagiza vitabu. Alitumaini kwamba Karpo amevitunza. Basi yeyote kati yetu aliye na kitabu cha mwenziwe nyumbani mwake leo, na akitazame, akipanguse vumbi, akirejeshe. Maana yuko anayekingoja.